Yadi, landilodi na kiwanja kinachosubiri bei

Swali: "Nina yadi ya magari ya mtumba kando ya Barabara ya Ngong, huu mwaka wa tisa. Kiwanja si changu, nimekodi. Kijana wangu anayeishi Ohio amenitumia habari ya mji mmoja huko uliopitisha sheria ya kupunguza yadi za magari yaliyotumika ili katikati ya mji pajengwe upya. Hapa Nairobi pia uvumi kama huo hauishi. Je, kaunti inaweza kunifunga? Na ni kweli sisi wenye yadi ndio tunaozuia mji kukua? Halafu landilodi wangu ameleta mkataba mpya wa miaka mitano na miezi mitatu, anataka nisaini kabla ya mwisho wa mwezi. Nisaini?"

Mama, umeuliza mambo matatu, na lile ulilolitaja mwisho, kama mgonjwa anayemkumbusha daktari habari ya kidonda akiwa tayari ameshika mlango, ndilo zito kuliko mengine. Miaka mitano na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu haikuingia humo kwa bahati, na nitaifikia. Ila mkataba huo hutauelewa kabla hujajua kiwanja chako kinafanya kazi gani katika mji huu, kwa hiyo nivumilie nianzie kwa kijana wako.

Ohio ndiko hasa mambo haya yalikopatia nguvu ya sheria. Euclid, wakati huo kijiji kando ya Cleveland, kilipitisha mwaka 1922 sheria ya kugawa ardhi yake kwa matumizi: huku nyumba za familia moja, kule magorofa, kule viwanda. Kampuni ya Ambler Realty ilikuwa na ekari 68 ilizotarajia kuwauzia wenye viwanda. Ikaona thamani inayeyuka mikononi, ikaenda kortini. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakipa kijiji ushindi, na tangu hapo mji wowote kule, hata ule wenye barabara moja na taa mbili, unaweza kusema duka la viatu hapa ruksa, yadi ya magari hapana.

Lakini muulize kijana wako swali moja: sheria ya mji huo inafunga yadi zilizopo, au inazuia mpya? Nina hakika kiasi kwamba atakuta ni mpya. Kawaida ya miji ile ni kusimamisha leseni mpya kwa miezi kadhaa huku wanasheria wakiandika, kisha kuweka masharti: yadi isiwe ndogo kuliko kiasi fulani, isikaribiane na nyingine, iwe na ukanda wa miti mbele, ipate kibali maalum baada ya majirani kusikilizwa. Yadi ya zamani inaachwa iendelee, ila hairuhusiwi kupanuka, na ikifungwa kwa muda, mara nyingi miezi sita au mwaka, haki yake imekufa na haifufuki. Yaani mji unangoja mwenye yadi azeeke. Kuna miji isiyotaka kungoja, nayo humpa mwenye biashara muda wa kurudisha pesa alizoweka, ukiisha aondoke bila fidia. Los Angeles ilifanya hivyo kwa mtu aliyekuwa akiuza vifaa vya mabomba ya maji katika mtaa wa makazi: alipewa miaka mitano, akagoma, na mwaka 1954 mahakama ya rufaa ya California ikaupa mji haki. Majimbo mengine yamekataa katakata mtindo huo na kuuita unyang'anyi.

Kwa nini wanazichukia yadi kiasi hicho? Kwa sababu ya mtu anayetembea kwa miguu. Yadi ya Marekani ni uwanja wa lami wenye urefu wa mtaa mzima, mnyororo mbele, kibanda kimoja nyuma, wafanyakazi watatu. Mtu akipita hapo hana cha kutazama, hana mlango wa kuingia, na jioni hakuna roho hata moja. Zikishafuatana tatu, mtaa umekufa na duka la nne linahama. Mtaalamu wa kule akiona hivyo anasema tatizo ni yadi.

Hapa kwetu sentensi hiyo haisimami vizuri. Kwanza, yadi zetu haziko katikati ya jiji. Ukiwa ndani ya ile pembe ya Uhuru Highway, Haile Selassie na mto, biashara ya magari utakayoikuta ni ya vipuri na gereji za Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, pamoja na viwanja vya kuegesha magari. Yadi zenyewe zimejipanga kwenye barabara zinazotoka mjini: Ngong Road, Kiambu Road, Lang'ata, Mombasa Road. Zilifuata macho. Mtu aliyenasa kwenye foleni jioni, ameegemea dirisha la matatu, anatazama Toyota Fielder nyeupe kwa dakika kumi bila kulipishwa. Hakuna tangazo la bei rahisi kuliko hilo. Na zilifuata mashamba: kando ya Ngong Road kulikuwa na zile nyumba za zamani za bangalo katika nusu ekari au ekari nzima, nyumba moja, mti wa jakaranda, na sehemu ya mbele iliyokaa bure.

Pili, yadi ya Nairobi ina watu. Hesabu yako mwenyewe. Kuna vijana wanaoosha, kuna mabroka wanaokaa getini tangu saa mbili asubuhi, kuna fundi wa alamu na yule wa kuweka vioo vyeusi, kuna wakala wa bima, kuna mama wa chai na mandazi ambaye hakuajiriwa na mtu. Mpanga miji anayekuja na picha ya Ohio kichwani haoni hata mmoja wao, kwa sababu fomu yake ina mstari mmoja tu ulioandikwa "maonyesho ya magari". Sikusifu bure, mama. Gari langu la kwanza nililinunua kwenye yadi na halikufika Naivasha. Lakini ubaya wa broka na ubaya wa matumizi ya ardhi ni mashauri mawili tofauti.

Sasa nikwambie ninachoamini baada ya miaka mingi ya kuchora ramani za mipango miji ambazo nyingi ziliishia kabatini. Yadi ni zao la muda. Ni kama mtu mwenye shamba anayengoja mvua kubwa ili apande kahawa, na wakati anangoja anapanda sukuma wiki. Sukuma wiki haikuzuia kahawa. Mwenye shamba ndiye hajawa tayari, au hana mtaji, au anaona akingoja miaka mitatu zaidi bei itapanda. Yadi inamfaa mtu huyo kuliko mpangaji mwingine yeyote: haitaki jengo, haichimbi msingi, ikiambiwa iondoke inajiendesha yenyewe kwa magurudumu yake.

Tupige hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Gari moja na njia yake ya kutokea linahitaji kama mita 25, kwa hiyo hata ukiacha nafasi ya ofisi na choo, magari mia moja yanakaa bila kubanana. Tuseme, na huu ni mfano wangu tu, kila nafasi ya gari inamletea mwenye kiwanja shilingi elfu tano kwa mwezi. Hiyo ni laki tano. Sasa ushuru wa ardhi wa kaunti. Kwa muda mrefu Nairobi ilitoza kwa daftari la thamani, yaani orodha ya bei za viwanja, la mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwishowe kwa asilimia 34 ya bei zile za kale. Lilipokuja daftari la 2019 lenye bei za siku hizi, kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.115. Chukua ekari ambayo kwenye daftari imeandikwa milioni 400, maana kwenye sehemu nzuri za Kilimani na Upper Hill ekari huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Ushuru wa mwaka mzima ni shilingi 460,000. Kodi ya mwezi mmoja ya magari yaliyoegeshwa inaulipa na chenji inabaki. Miezi kumi na moja inayofuata, mwenye kiwanja analipwa kwa kungoja.

Hapo ndipo penye fundo. Ukimwondoa mpangaji wa yadi bila kumgusa mwenye kiwanja, hakijengwi kitu. Utaona mabati yenye rangi ya buluu kuzunguka ploti, bango la "Hii mali haiuzwi", na mlinzi. Au utaona kituo cha kuosha magari, ambacho kwa macho ya jirani ni yadi ileile ikiwa na maji.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Pittsburgh, ule mji wa chuma wa Pennsylvania, uliamua tangu 1913 kutoza ardhi kwa kiwango kikubwa kuliko majengo, ili anayekalia kiwanja kitupu aumie na anayejenga asiadhibiwe. Karibu na 1980 kiwango cha ardhi kilizidi mara tano ya kile cha majengo. Wachumi waliandika sana kuuhusu, hata baada ya mji wenyewe kuuacha mpango huo mwaka 2001, wakati wenye nyumba walipopiga kelele juu ya thamani mpya zilizoandikwa kwenye daftari. Sasa Nairobi miaka yote hiyo ilikuwa ikitoza kiwanja peke yake, jengo halihesabiwi kabisa. Tulikuwa na dawa nzima waliyoitafuta nusu. Tuliiacha kwenye rafu miaka arobaini bila kubadilisha daftari, na tulipolibadilisha tukaizimua dawa kwa maji. Ninaelewa sababu, mwenye bangalo aliyestaafu angelia, na wanasiasa husikia kilio hicho haraka. Lakini mtu asiniambie kwamba kinachozuia magorofa ya Ngong Road ni wewe na Fielder zako.

Je, kuzuia yadi kungeleta nini? Nairobi ina historia ndefu ya kuhamisha biashara isiyopendeza, na si historia ya kujivunia. Mwaka 1902, mji ukiwa na miaka mitatu tu tangu reli ifike, tauni iliingia na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya wakubwa. Wafanyabiashara walijenga tena. Karne moja baadaye Soko la Muthurwa lilijengwa ili wachuuzi watoke katikati ya jiji. Nenda leo saa kumi na moja jioni Mtaa wa Tom Mboya ujionee walikohamia. Na mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu nilitembea kwa miguu siku hiyo pamoja na maelfu ya watu: tarehe 3 Desemba 2018, Gavana Mike Sonko alipiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji. Kina mama wenye watoto mgongoni walishuka Ngara na Muthurwa wakamaliza safari kwa miguu. Haikupita siku mbili, marufuku ikasimamishwa. Kosa halikuwa kutaka mji usio na msongamano. Mahali pa kuwapeleka watu hapakuwa tayari.

Yadi zikizuiwa hapa, zina mahali pa kwenda, na hilo ndilo lingepaswa kuisumbua kaunti. Kiambu Road ukiifuata mbele kidogo tu uko Kaunti ya Kiambu. Mlolongo na Syokimau ni Machakos. Rongai ni Kajiado. Ada za leseni zingehama na magari, na mteja wa Kilimani angeendesha kilomita ishirini akirudi na gari jipya kuja kuongeza foleni ileile. Hiyo si hoja ya kutofanya lolote. Ni hoja kwamba kaunti moja peke yake haiwezi kupanga biashara yenye magurudumu.

Ungeniita mezani ningependekeza nini? Ningeanza na majitaka. Kilimani na Kileleshwa zimepandisha magorofa juu ya mabomba yaliyolazwa kwa ajili ya bangalo, na hakuna mwenye akili anayetaka ghorofa ishirini kwenye ploti ambayo bomba lake linatapika kila msimu wa mvua. Kisha ushuru wa ardhi uongezwe polepole kwa viwanja vitupu vilivyo kandokando ya barabara kuu, kwa ratiba inayotangazwa miaka mitano mapema, ili anayengoja ajue kungoja kuna bei. Yadi ziruhusiwe kuingia ndani ya majengo, orofa za chini na za nyuma, na mbele yabaki maduka yenye milango. Mengine ni ya wahandisi, siyagusi.

Na nikuambie neno moja la biashara yako, ingawa hukuniuliza. Mnada mkubwa wa Japani unaotoa magari mengi ya aina unayouza, USS Tokyo, hauko Tokyo. Uko Noda, mkoa wa Chiba, nje kabisa ya jiji, na wanunuzi wengi hawafiki. Wanabonyeza kwenye skrini. Gari lako lilinunuliwa bila mtu kuliona likiwa kando ya barabara. Mteja wako naye siku hizi amekwisha kuliona kwenye simu kabla hajafika getini. Yale macho ya foleni ambayo landilodi anakutoza kodi kwa ajili yake yanapungua thamani mwaka hadi mwaka. Liweke hilo akilini tutakapofika kwenye mkataba.

Sasa: kaunti inaweza kukufunga? Inaweza, lakini kwa njia, na njia hiyo ina vituo.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti mipango ya ardhi na leseni za biashara. Kwa hiyo mamlaka inayo. Wenye yadi wengi hukosea hapo hapo kwenye neno leseni. Leseni ya biashara, hata hii ya pamoja ya siku hizi iliyokusanya ada nyingi kwenye karatasi moja, inasema wewe unaruhusiwa kuuza magari. Haisemi kiwanja kinaruhusiwa kuuziwa magari. Hiyo ni karatasi nyingine: kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, na huombwa kwa jina la mwenye kiwanja. Bangalo la Ngong Road mara nyingi hati yake inasema makazi. Unaweza kuwa umelipa leseni miaka tisa bila kukosa hata mwezi, na bado kiwanja chako machoni pa mpanga miji ni nyumba ya familia moja yenye wageni wengi wa chuma uani.

Ikiwa kaunti itaanza na hilo, haiji na tingatinga kwanza, au kwa sheria haipaswi. Inakupa notisi ya utekelezaji, iliyoandikwa kosa ni lipi, ufanye nini na kwa muda gani. Ukiipokea una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti, nayo ina siku 30 za kuamua. Usiporidhika unakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 hizo ndizo zinazowaponza watu. Notisi inaachwa kwa mlinzi, mlinzi anaiweka kwenye droo na funguo za magari, na siku ya kumi na sita ndipo wakili anapigiwa simu. Waambie vijana wako kwamba karatasi yoyote yenye nembo ya kaunti ifike kwako siku hiyohiyo, hata kama uko mazishini Kisii.

Njia ya pili ya kaunti ni kutangaza eneo zima kuwa la mipango maalum. Hilo lilifanyika kwenye mitaa ya mabanda ya Mukuru mwaka 2017, kwa nia njema ya kuboresha makazi. Kwa sheria ya sasa kaunti ikitangaza hivyo inaweza kusimamisha ujenzi na maendeleo hapo kwa muda usiozidi miaka miwili wakati mpango unaandikwa. Hiyo ndiyo ndugu wa karibu zaidi wa ile sheria ya kusimamisha leseni aliyokutumia kijana wako. Lazima wananchi wasikilizwe kabla mpango haujapita, na mahakama zetu zimekwisha kufuta sheria za kaunti kwa kukosa hilo. Mkutano wa namna hiyo ukitangazwa, nenda. Na umchukue mama wa chai.

Kuna kundi moja ambalo halina vituo hivi: waliopanga magari kwenye hifadhi ya barabara. Ardhi hiyo ni ya umma, na mamlaka ya barabara inaweza kuitaka wakati wowote. Waliokuwa hapo wakati Ngong Road ilipopanuliwa wanajua. Ikiwa safu yako ya mbele, yale magari matano yanayong'aa, yamevuka mstari wa ua, hayo uyahesabu kuwa yako kwa leo tu.

Haya, mkataba.

Mtu wa kwanza anayeweza kukuondoa hapo ni landilodi, kaunti inakuja nyuma yake kwa mbali. Tuna sheria ya zamani, Sura ya 301, inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Mkataba usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, unalindwa: landilodi hawezi kukutoa ila kwa notisi rasmi ya angalau miezi miwili, yenye sababu zinazotambuliwa na sheria, na wewe unaweza kuipinga kwenye mahakama ndogo ya kodi za majengo ya biashara. Kwa hiyo mawakili wa wenye viwanja walijifunza zamani kuandika miaka mitano na miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu ndiyo inayokutoa chini ya mwavuli. Siku ya mwisho ya muda ikifika, unatoka, hakuna wa kumlilia.

Je, sasa hivi uko chini ya mwavuli? Sheria inasema duka ni mahali panapotumika hasa kwa biashara ya kuuza bidhaa au kutoa huduma kwa malipo. Yadi yenye ofisi ya kudumu ndani ya bangalo ina hoja nzuri kuliko uwanja wenye kontena. Mpelekee wakili picha, si maelezo tu, akuambie.

Usikimbilie kudhani mkataba huu ni mtego tu, maana una upande wa pili ambao huenda hata landilodi hajauona. Sheria hiyohiyo inasema mkataba wenye kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka mitano ya kwanza kwa sababu isiyokuwa kosa la mpangaji unarudi chini ya mwavuli, hata ukiandikwa miaka kumi. Kwa hiyo hawezi kupata vyote viwili. Akiandika kwamba anaweza kukuondoa kwa notisi ya miezi sita akipata mwekezaji, amekurudishia ulinzi. Asipoandika, amejifunga kwako miaka mitano na ushee, na mwekezaji atakayekuja itabidi akununue utoke. Soma ukurasa kwa ukurasa ukitafuta kipengele hicho kimoja.

Kisha tafuta cha pili, kilicho hatari kuliko hicho. Karibu kila mkataba una sentensi inayosema mpangaji atafuata sheria zote na kupata vibali vyote vinavyohitajika. Inaonekana ya adabu tu. Lakini ikiwa kiwanja hakina kibali cha kubadilisha matumizi, umeivunja sentensi hiyo siku ya kusaini. Siku mwekezaji atakapotokea, landilodi hahitaji notisi ya miezi sita wala kipengele cha kuvunja. Atasema tu umekiuka mkataba. Nimeona hilo likifanywa kwa mwenye gereji, tena na mtu waliyesali naye kanisa moja.

Kwa hiyo kabla ya mwisho wa mwezi, mwombe nakala ya hati ya kiwanja na ya kibali cha matumizi, kama kipo. Kama hakipo, mkataba useme kukiomba ni kazi yake na gharama yake, na kwamba ukosefu wake si kosa lako. Usajiliwe kwenye ofisi ya ardhi, maana unazidi miaka miwili. Kodi isipande kwa hesabu ya macho ya foleni. Mkumbushe habari za simu. Ukiona anagoma kwa hati na kibali lakini ana haraka na saini, rudi kwenye ombi la mkataba wa miaka miwili, ambao kwa sura unaonekana mnyonge ila unakuacha chini ya sheria. Na zile cabro, matofali ya sakafu ya nje, ulizotandaza, choo ulichojenga na taa za mbele, vipige picha wiki hii kabla hata hujazungumza naye, uweke pamoja na risiti, kwa sababu mkataba mpya huenda unasema kila kilichosimikwa ardhini ni chake.